Muhula wa Vijidirisha

Miaka kumi na tisa nimeanza somo kwa amri moja:
vueni viatu.
Sakafu ya ukumbi wetu pale Mlimani ni ya mbao,
na ubao mmoja, wa tatu kutoka mlango wa nyuma,
hulia ukikanyagwa na mtu mwenye hofu.
Ndivyo ninavyowaambia. Hulia kwa kila mtu.

Likaja tangazo, karatasi moja yenye muhuri,
ukumbi ukafungwa kwa kufuli kubwa kama la duka la mchele.

Nikafundisha uigizaji kutoka jikoni kwangu, Changanyikeni,
simu imeegemea kopo la chumvi.
Wanafunzi ishirini na sita wakawa vijidirisha,
kumi na wanne wakawa majina matupu,
kama matokeo yaliyobandikwa na mtu akaondoka zake.
Luku ikianza kulia ukutani
nawaambia hiyo ni ngoma, fuateni mapigo.

Mwalimu, unakatika.
Mwalimu, umeganda.
Mwalimu, bando limebaki la dakika nne,
naomba nife sasa hivi.
Nikamruhusu Sikitu afe.
Akafa nusu: mdomo wazi, jicho moja limefumba,
mkono umeelea karibu na shavu.
Sijui hadi leo alimalizaje.

Zoezi la kioo huwa wawili wanatazamana,
huyu akiinua mkono, yule anauinua bila kufikiri.
Lugano alikuwa kwao Kyela, Mwajabu yuko Mburahati.
Mkono wa Kyela ulipanda;
tukasubiri;
jogoo wa jirani yangu akawika mara mbili;
wa Mburahati ukaitikia, wakati wa Kyela umeshashuka
na mwenyewe anajikuna shingo.
Nikasema vizuri.
Sikuwa na neno lingine.

Mtihani wa mwisho, Kokusima alichagua mama
anayewaficha wanawe kwamba unga umekwisha.
Aliitega simu dirishani, akajifunga kitenge, akaanza.
Alikuwa anajitahidi. Machozi yalikuja mapema mno.
Mara mama yake mzazi akaingia nyuma yake,
hakuiona simu, hakutuona,
akafunua debe, akachungulia,
akalifunika taratibu kama mtu anayemfunika mtoto,
akatoka akiimba wimbo wa kanisani.
Kokusima akanyamaza.
Hakuna aliyewasha sauti.

Fomu ya alama ina safu ya sauti, safu ya mwili,
na chini kabisa, safu ya ukweli: ishirini kwa mia.
Nililala nayo kifuani.
Nampa nani?

Tulirudi. Mlangoni ndoo yenye koki, kipande cha sabuni,
ndani mtu wa usafi amechora miraba kwa chaki,
mtu mmoja, mraba mmoja.
Vinyago vya mninga vilitutazama kutoka ukutani,
vyenyewe midomo wazi, havijafunikwa.

Vueni viatu.
Wakavua. Wakasimama ndani ya chaki
nyuso mbele, mabega yamekakamaa,
kana kwamba chini ya kifua hakuna kitu.
Hakuna aliyenipa mgongo.
Wawili wakizungumza kwa pamoja wote wanakoma:
samahani, endelea,
hapana, endelea wewe.
Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia Mwajabu,
aliye hatua sita kutoka nilipo:
washa kwanza maiki.

Wakacheka hadi barakoa zikawateleza puani.
Kilikuwa kicheko kibaya, cha kukwaruza,
kilichosahau njia ya kutoka.
Nilikifunga macho nikakisikiliza chote.

Kisha zamu ya Lugano.
Mraba wake uliangukia ubao wa tatu.
Alivuta pumzi, akaishikilia,
akageuka kunitazama:
Mwalimu, nasikika?

Safari hii hakuna aliyecheka.
Nikamwambia, sogea hatua moja.
Akaitazama chaki.
Akaitazama miguu yake, vidole kumi,
kama wageni aliosahau kuwakaribisha.

Ubao ukalia.